Wanamtaka mmoja, nasi tuko wawili

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Endagikot, Mbulu. Nimemaliza kidato cha nne. Kwa sasa nalima vitunguu saumu na mama, na siku za mnada nauza chai na maandazi. Napiga gitaa na kuimba. Mwenzangu ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, ana miaka 25 na ni fundi pikipiki. Yeye anapiga ngoma. Hatuna drams za dukani. Ametengeneza zake mwenyewe kwa pipa la plastiki, madebe mawili na sahani ya klachi ya lori ambayo ameining'iniza kwa waya.

Tulianza mwaka juzi hapo gereji kwake, jioni akishafunga kazi. Watu wanasema tunapiga roki, wengine wanasema ni kelele. Sisi wenyewe hatujui muziki huu unaitwaje. Tunaimba Kiiraqw, na Kiswahili mara chache. Mwezi wa nne mwalimu mmoja aliturekodi kwa simu tukipiga kwenye harusi. Kiitikio cha wimbo ule nilikitoa kwa bibi, alikuwa anakiimba wakati wa kupalilia. Video ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Haydom, Dongobesh, Karatu, hadi kwa watu wetu walioko Dar. Bodaboda wanaipiga kwenye spika zao. Tangu hapo tumeitwa kwenye harusi sita na mahafali mawili.

Sasa kuna mtu mwenye studio Arusha amenipigia simu. Ananitaka mimi, binamu hamtaki. Anasema ngoma zitapigwa na kompyuta. Anataka niimbe Bongo Fleva kwa Kiswahili kwa sababu Kiiraqw "hakiuzi". Mkataba ni wa miaka mitano, nikisaini ananipa shilingi milioni tatu, na nimjibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama anasema niende, eti nihesabu mwenyewe milioni tatu ni vitunguu vya misimu mingapi. Nilipomwambia binamu, alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mteja na hakutoka. Alisema tu, "Nenda tu." Tangu siku hiyo tunapiga kama kawaida ila haongei.

Nifanye nini, Mjomba? Nikienda ni msaliti? Nikibaki ni mjinga?

Wa Gitaa, Endagikot

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile video nimeitafuta mpaka nikaipata. Nitaongea habari za Arusha na za milioni tatu, usiwe na wasiwasi. Ila tuanze na huyu aliye chini ya pikipiki.

Hiyo "nenda tu" yake usiihesabu kuwa ruhusa. Rudia kusoma barua yako mwenyewe: umeandika kwamba ulimwambia. Hukuandika kwamba ulimwuliza. Ulimpelekea habari kama mtu anayetangaza msiba, naye akajibu kama mtu aliyepokea msiba. Kijana wa miaka 25 aliyetoboa madebe kwa mikono yake ili wewe upate mwendo wa kuimbia, akiambiwa kwamba nafasi yake itachukuliwa na kompyuta, ulitaka aseme nini? Alibaki chini ya pikipiki kwa sababu pale uso wake hauonekani.

Najua kwa sababu na mimi niliwahi kuwa chini ya pikipiki yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa wawili, magitaa mawili, tukipiga kwenye baa moja Babati. Mwaka mzima tulilala na njaa bila kugombana hata siku moja. Tukaja kugombana usiku tuliofanikiwa. Ulikuwa mkesha wa mwaka mpya, baa imefurika, mwenye baa amefurahi, akatoa bahasha na kumkabidhi mwenzangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiimba. Mwenzangu alinigawia nusu yangu, shilingi kwa shilingi, hakunidhulumu hata senti. Lakini mimi nilibaki nikijiuliza kwa nini bahasha haikuja mkononi mwangu. Upuuzi huo ulitumaliza ndani ya miezi miwili. Amplifaya ikabaki kwake, nami gitaa langu nikalibadilisha kwa gunia la mahindi. Mahindi yenyewe yalikuwa na fukusi.

Kwa hiyo sikushangaa kuona kwamba tatizo lenu limekuja baada ya harusi sita. Lingechelewa, ningeshangaa.

Sasa tuje kwa mtu wa Arusha na kompyuta yake. Hapa nitabishana naye kama mpigaji, maana kuna jambo ambalo ama halisikii ama hataki kulisikia. Nyinyi hamna besi. Watu wawili wasio na besi wana shimo katikati ya muziki wao, na kila wawili hulijaza kwa namna yao. Wewe unalijaza kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene. Binamu yako analijaza kwa kuliacha pipa lingurume badala ya kulikatiza. Halafu kuna ule ubeti wa pili: unashusha sauti, naye anaacha pipa kabisa, anagusa sahani ya klachi peke yake, mara moja, kisha ananyamaza. Hapo ndipo watu wa harusi walipopiga kelele, nimesikia. Kompyuta inajua kutunza mwendo. Haijui kwamba umeshusha sauti. Akikuondoa hapo gereji, atapata sauti nzuri ya msichana, na Tanzania ina sauti nzuri za wasichana kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Kilichowafanya bodaboda wapige wimbo wenu ni mazungumzo yenu wawili.

Muziki wa namna hii, gitaa na ngoma basi, umewahi kufika mbali kutoka kwenye mabanda kama la kwenu. Huko Marekani kuna mji unaitwa Akron, jimbo la Ohio, uliokuwa ukiishi kwa viwanda vya matairi. Vijana wawili wa mji huo, Dan Auerbach wa gitaa na Patrick Carney wa drams, walianza kundi la The Black Keys mwaka 2001 huku wakijikimu kwa kufyeka majani kwenye nyumba za watu. Albamu yao ya kwanza, ya 2002, waliirekodi kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Carney. Ya pili wakairekodi chumba kilekile. Ya tatu, ya 2004, waliirekodi ndani ya kiwanda cha matairi kilichokuwa kimetelekezwa, wakaiita Rubber Factory. Dunia ilikuja kuwashika barabara kwenye albamu ya sita, Brothers, ya 2010, iliyoshinda tuzo tatu za Grammy mwaka uliofuata. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Wala roki si mgeni hapa kwetu: Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na Sunburst, bendi iliyochanganya roki na midundo ya nyumbani, na albamu yao Ave Africa ilitoka 1976. Anayekwambia kwamba mnapiga kelele za kizungu, mwambie amechelewa karibu nusu karne.

Lakini kesi ninayotaka uitazame kwa makini iko Bagamoyo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo, fundi wa ilimba na zeze, alizunguka dunia akiwa na ndugu yake Charles Zawose. Wawili hao walirekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Chibite ilitoka 1996, na mwaka 2002 walifungua maonyesho ya Gabriel huko Amerika. Hukwe akafariki mwishoni mwa 2003, Charles akamfuata mwaka uliofuata. Miaka ile yote wanawake wa familia hiyo walikuwa wakiimba na kupiga ngoma nyuma ya wanaume. Ilichukua kama miaka ishirini mpaka wawili kati yao, Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wakasimama mbele kwa jina lao wenyewe: The Zawose Queens. Albamu yao, Maisha, ilitoka 2024 kwa kampuni ileile ya Real World. Vyombo ambavyo zamani vilishikwa na wanaume sasa vimo mikononi mwao. Nakutajia hawa kwa sababu wewe ni mwanamke mwenye gitaa, na najua unavyotazamwa pale Mbulu ukipita nalo mgongoni. Nakutajia pia kwa sababu hawakubadilisha lugha wala vyombo ili wapate mlango. Walibadilisha tu mahali pa kusimama.

Nirudi kwenye hilo la lugha, maana limenikera.

"Kiiraqw hakiuzi." Mtu anayesema hivyo akiwa Arusha amesahau mji wake. Arusha ndiko walikotoka X Plastaz, kundi lililosimamisha uimbaji wa Kimaasai katikati ya hip hop ya Kiswahili, na kwa muziki huo wakasafiri Ulaya na Brazil. Jirani zetu Kenya, vijana wawili, Gidi Gidi na Maji Maji, walikuwa wanachana kwa Kijaluo wakati wengi Nairobi wakiamini kwamba Kijaluo ni cha Kisumu tu. Mwaka 2002 wakatoa Unbwogable, neno walilolifinyanga kutoka Kijaluo na Kiingereza, maana yake asiyetishika. Wakikuyu wakaliimba, Waluhya wakaliimba, wanasiasa wa muungano wa NARC wakalibeba kwenye kampeni mpaka Desemba ile Kibaki alipoingia Ikulu. Sidhani kama wengi wa walioliimba walijua beti zake zinasemaje.

Na kwa muziki wenu Kiiraqw kina faida ambayo Kiswahili hakina. Kiswahili chetu ni laini, karibu kila neno linaishia na irabu, kinateleza kama maji. Kiiraqw kina zile sauti za kooni, na ile "sl" inayotokea ubavuni mwa ulimi, zinagonga kama sahani ya klachi ya binamu yako. Muziki wa gitaa lenye makwaruzo unapenda maneno yenye makwaruzo. Sisemi usiimbe Kiswahili. Redio za Dar zitakidai, na mtu wa Tanga naye ana haki ya kuelewa japo ubeti mmoja. Imba Kiswahili siku wimbo ukikijia kwa Kiswahili. Usikiimbe kwa sababu mtu amekulipa ili uone aibu.

Sasa pesa. Mama yako ana haki ya kuuliza, na tafadhali usimjibu kwa maneno matamu kuhusu sanaa. Mjibu kwa hesabu. Milioni tatu kwa miaka mitano ni laki sita kwa mwaka. Kwa mwezi ni elfu hamsini. Keti naye, mpige hesabu ya chai na maandazi ya siku za mnada, mweke pembeni faida ya mwezi mmoja, kisha mlinganishe na hiyo elfu hamsini. Halafu muulize swali la pili: harusi sita na mahafali mawili yameleta kiasi gani, na chini ya mkataba huo mpya harusi ya saba itakuwa ya nani?

Hujanitumia mkataba wenyewe, na nina shaka kama hata wewe umeuona. Mikataba ya simu ni hatari kwa sababu kila mmoja anakumbuka alichokipenda. Omba aulete kwa maandishi, na kwa Kiswahili. Ukija, tafuta kwanza jibu la hili: milioni tatu ni zawadi, ni mkopo, au ni bei? Mara nyingi ni mkopo uliovaa nguo za zawadi, utakatwa kwenye kila utakachoingiza mpaka uishe, pamoja na gharama za studio, video, nguo na hata nauli. Halafu angalia miaka mitano inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kusaini au siku wimbo wa kwanza utakapotoka, na kama asipotoa wimbo wowote wewe bado umefungwa. Uangalie jina la kisanii litakuwa la nani. Uangalie rekodi zenyewe atazimiliki nani miaka mitano ikiisha. Wasanii wengi waliosaini wakiwa na miaka 22 wameondoka na 27 wakiwa hawana jina, hawana nyimbo, na hawaruhusiwi kuimba kilichowatoa.

Hapo ndipo sheria inapokusaidia. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo, tungo yenu ni mali yenu tangu mlipoitunga, hata kabla ya kurekodiwa kwa simu ya mwalimu. Mkitunga wawili, haki ni ya wawili, na inadumu maisha yenu yote na miaka 50 baada ya wa mwisho kati yenu kufariki. Wajukuu wenu wataikuta. Mpigaji naye ana hakishiriki katika kile alichokipiga, kwa hiyo wimbo uliozunguka WhatsApp si wako peke yako kuupeleka Arusha, hata ungependa. Nendeni mkauandikishe Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kwa majina mawili, na mjisajili Baraza la Sanaa, BASATA, kama wasanii. Kiitikio cha bibi mkitaje kama cha bibi. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na wimbo wa palizi haugeuki kuwa tungo yako kwa kuwa umeutilia gitaa. Tena kabla ya yote, nenda umuulize bibi. Huenda wimbo ule una ubeti ambao hajakuimbia bado.

Mkataba ukishakuja, mwone wakili Babati, au anza na wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kazi yao inatambulika rasmi. Kama mwenye studio atakwambia mwanasheria anachelewesha mambo, umeshapata jibu lako. Na hili nalisema kama baba, haraka haraka: usiende Arusha kuonana naye peke yako. Nenda mchana, nenda na mtu, iangalie studio, na uongee na wasanii wawili watatu aliowahi kuwafanyia kazi bila yeye kuwepo.

Kuna jambo nimelitazama miaka mingi kuhusu makundi ya wawili ya kwetu. Angalia majina. Gidi Gidi Maji Maji. Radio na Weasel. Mandojo na Domokaya, wale wa gitaa waliotuimbia Nikupe Nini. Majina yote mawili yako mbele, hakuna aliyefichwa ndani ya mwenzake. Mtangazaji akitaka kutaja mmoja, ulimi wenyewe unamkatalia. Radio na Weasel wa Uganda walianza wakiitikia nyuma ya Jose Chameleone, ambaye ni kaka yake Weasel, kisha mwaka 2008 wakajisimamia chini ya kundi lao la Goodlyfe. Miaka kumi watu walitaja majina hayo kwa pumzi moja, mpaka Radio alipofariki Februari 2018, na hata leo ukisema Weasel mtu anasubiri umalizie. Ni kinga ya bei nafuu kuliko wakili. Mtu wa Arusha amekupigia wewe peke yako kwa sababu video ile ilizunguka bila jina lolote, imeandikwa tu "dada wa Mbulu na gitaa". Nimeiona. Binamu yako haonekani hata kwenye maelezo, na mkono wa mwalimu ulimkata nusu.

Hilo si kosa lako. Ila ukilijua ukaliacha, litakuwa lako.

Hiyo video yenyewe isikutie kiwewe. Pale Mbulu kila mtoto anamjua mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, bandeji gotini, wa mwisho katika marathoni. Dunia nzima imeona picha ile. Wachache sana wanajua kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza wa tano. Picha moja inaweza kukutambulisha na bado isikueleze. Ninyi mmepata picha yenu moja. Waliotazama ni wengi. Waliotoa shilingi elfu mbili kuingia kuwasikiliza ni wangapi? Hamjui, kwa sababu hamjawahi kuwatoza. Tafuteni ukumbi mmoja Mbulu mjini, siku ya Jumamosi, mlango elfu mbili, mkapige saa moja na nusu bila bibi harusi. Mkiwa na nyimbo nne tu, mtajua siku hiyo. Nyimbo nne zinatosha harusi kwa sababu watu wamekuja kula.

Na msiache kazi. Nahreel wa kundi la wawili la Navy Kenzo, kabla watu hawajaimba Kamatia Chini mwaka 2016, alikuwa anatengeneza biti za wasanii wengine, na mwenzake Aika akiwa naye bega kwa bega tangu wakiwa kwenye kundi la Pah One. Studio ililisha muziki wao. Gereji inaweza kulisha wenu, na vitunguu saumu pia. Msanii mwenye shamba anaweza kusema hapana kwenye simu. Asiye nalo husema ndiyo kabla hujamaliza sentensi.

Umeniuliza kama kwenda ni usaliti. Hapana. Watu huachana kwa heri, kila mmoja akashika njia yake, na kuna sauti zilizostahili kusimama peke yake. Inawezekana pia binamu yako anataka kubaki fundi pikipiki anayepiga ngoma jioni, na hilo ni jambo la heshima kabisa. Lakini hilo alitamke yeye akiwa amekaa kwenye kiti, ameshika kikombe. Usilisome kwenye miguu inayotokeza chini ya injini.

Kwa hiyo, wiki hii. Chukua daftari la mistari, la shilingi mia tano. Beba chupa ya chai na yale maandazi yako. Nenda gereji saa ambayo hana mteja. Usianze na Arusha. Anza kwa kuandika nyimbo zenu zote, moja moja, na nani alileta nini: maneno, sauti, mwendo. Mimi ningewashauri nyimbo za mwanzo mzigawe nusu kwa nusu hata kama maneno ni yako yote, kwa sababu mkianza kupimiana mistari mtapimiana hadi pumzi. Pesa za harusi gawanyeni mafungu matatu: lako, lake, na la muziki. La muziki linanunua nyuzi, linalipa nauli, linalipa siku ya studio. Andikeni gitaa ni la nani na pipa ni la nani. Andikeni pia siku mmoja akiondoka itakuwaje, nani ataruhusiwa kupiga zipi. Najua hilo ni gumu kuliandika huku mnatazamana. Liandikeni hivyohivyo, tieni sahihi wote, na mtu mzima mmoja wa familia ashuhudie; mjomba, baba yake, anafaa.

Ukimaliza hapo, mwulize. "Wewe unataka nini?" Kisha nyamaza, hata akichukua dakika tano.

Akisema anataka kuendelea, mpigieni mtu wa Arusha mkiwa wawili, simu ikiwa kwenye spika. Mwambieni mko tayari kuja pamoja kurekodi wimbo mmoja, kwa Kiiraqw, na pipa lenu mtalibeba kwenye basi. Gharama na mapato ya wimbo huo mmoja yaandikwe, muda wa makubaliano usizidi mwaka. Akikubali, mtakuwa mmepata prodyuza. Akikataa, mtakuwa mmepoteza elfu hamsini kwa mwezi. Akisema anataka kubaki gereji, basi mpe sehemu yake ya wimbo uliozunguka kwa maandishi kabla hujapanda gari, na mkataba wako uupunguze kutoka miaka mitano.

Mama naye umsomee daftari hilo. Akiona kuna hesabu, atalala.

Jambo la mwisho ni dogo. Uzi wako wa nne umechoka. Kwenye video unashuka kidogo kila unapourudia ule mkwaruzo wa mwanzo, na binamu yako anausikia, maana nimemwona akigeuza shingo kukutazama kila unapofika pale. Ununue mpya kabla hamjaenda Arusha. Ulipwe kutoka fungu la muziki.